Mpaka Twiga Anywe

Dereva wa watalii hapigi honi. Mpishi wa kambi amekaa kiti cha kando yake mwaka wa tisa sasa, na hajamsikia akiipiga hata nyati wakiziba njia. Akiwaona twiga huzima gari mbali na kunong'ona, "Wako mezani hao, tusiwasumbue." Kwa wageni neno lake ni moja tu. Wakimfokea, sawa, mkuu. Wakitupa chupa dirishani, sawa, mkuu, kisha hushuka kuiokota. Lakini hasira yake hukaa vidoleni. Huukwaruza usukani kwa kucha, na pale anapokwaruza pameshachubuka.

Siku moja twiga jike alikuwa amelikaribia dimbwi mara tatu, na mara zote akarudi nyuma kwa woga. Mara ya nne akatanua miguu ya mbele, akainama.

"Piga honi ainue kichwa, nimpige picha," mgeni mmoja wa kiti cha nyuma akasema.

Dereva akaukwaruza usukani. Mgeni akajipenyeza katikati ya viti, akaikandamiza honi mwenyewe. Twiga akashtuka, akateleza, nusura avunjike mguu, akakimbilia vichakani bila kuonja hata tone.

"Safi," mgeni akacheka. "Haya, twende kwa simba."

Dereva akachomoa ufunguo, akaukalia.

"Hatuendi."

"Unasemaje wewe?"

"Mpaka anywe."

"Jua lote hili? Na asiporudi?"

"Mpaka anywe, mkuu."

Mpishi akaitazama mikono ya dereva. Ilikuwa imelala mapajani, imetulia tuli.