Binti wa Kaburi Lisilo na Jina

Mimi na Mashkur tumewatembeza wageni Delhi miaka thelathini, na uongo wote wa kazi hii naujua. Mwingine nimeutunga mwenyewe. Asubuhi Ngome Nyekundu, kisha msikiti mkubwa, mchana mikate na supu ya nyama, alasiri tunamalizia kwa kaburi la Mfalme Humayun, jumba zima la mawe lenye vyumba vingi. Humo kuna makaburi zaidi ya mia, na mengi hayana jina. Mgeni aliyetoka mbali hataki kuambiwa hatujui. Basi unampa jina.

Mashkur alitunga jina moja tu. Katika chumba cha pembeni, chenye giza hata jua likiwaka, kuna kaburi dogo la marumaru. Alisema ni la Binti Gulrang, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka saba, baba yake akiwa safarini. Wanawake walilia, wengine wakaanza kuacha bangili. Mimi nilinyamaza, maana nilijua homa hiyo ni ya nani. Nanhi, binti wa pekee wa Mashkur, alikufa miaka ishirini na miwili iliyopita, mwezi wa Juni, baba yake akiwa papa hapa na watalii. Alipofika nyumbani, mtoto kishaoshwa. Tena makaburi ya mtaani kwetu hayana nafasi. Baada ya muda wakamzika mtu mwingine pale pale, hata pa kumsomea dua pakapotea.

Swali moja likamtafuna: je, mtoto alimuulizia? Mkewe, Nasiban, hakuwahi kumtaja Nanhi tangu siku ile, naye Mashkur hakuthubutu kuuliza. Waliishi nyumba moja wakipishana kimya kimya.

Kisha yakaja mambo ya kuhesabu. Kiongozi wa watalii huhesabu vichwa kila anapoingia na kutoka. Mashkur akiingiza wageni kumi na wawili katika chumba kile, humo ndani anapata kumi na watatu. Wakitoka, kumi na wawili. Nilimcheka, nikamwambia akanunue miwani. Siku moja nikahesabu mimi. Sikumcheka tena, na mpaka leo chumba kile naingia nikisoma aya.

Februari iliyopita shemeji Nasiban akaja na jamaa zake wa Moradabad waliotaka kutembezwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga pale. Nilimsihi Mashkur aniachie mimi kundi lile. Akakataa, mkaidi kama punda wa dobi. Nilimkasirikia kweli kweli, nikawafuata nyuma.

Juu ukumbini aliwafundisha kama kawaida: kaburi lililochongwa kibao cha kuandikia ni la mwanamke, lililochongwa kisanduku cha kalamu ni la mwanamume. Wakaingia chumbani. Akaanza habari za Binti Gulrang, akafika kwenye homa. Nasiban alikuwa akipapasa lile jiwe. Mkono wake ukasimama.

"Hili lina kisanduku cha kalamu," alisema. "Si umetuambia sasa hivi ni alama ya mwanamume?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kosa hilo viongozi wote tulikuwa tukiliona, ila nani angemwambia?

"Najua," Mashkur akajibu. "Ndilo pekee lenye kimo chake."

Jamaa wa Moradabad wakatazamana. Nikawatoa nje, eti kuna picha nzuri ya kupiga bustanini, mwenyewe nikarudi mlangoni. Umbeya ni ugonjwa, najua. Chumba kilikuwa na baridi, na sikuhesabu waliomo.

Mashkur alikuwa amemwinamia mkewe. Akamuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba maji kwa jirani asiyeelewana naye: "Mama Nanhi. Siku ile aliniulizia?"

Nasiban akamgeukia. Wivu ulikuwa umemjaa usoni, wivu mtupu, nami miaka yote nilidhani ni hasira.

"Hakukuulizia," akasema. "Homa ilipompanda alidhani mkono niliomshika ni wako. Aliniita baba mpaka pumzi ya mwisho, nami nikaitika." Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Mimi niliyekuwapo, hakuniita hata mara moja."