Kome wa Kwenye Ndoo

Juzi, kwenye mgahawa mmoja wa bei mbaya hapa Msasani, niliagiza kome wa kuchemsha. Harufu ya chumvi na ndimu ilinifikia kabla ya sahani. Mpishi alisahau kuondoa uzi mmoja wa kahawia, ukaning'inia pembeni ya gamba. Wenzangu walicheka. Mimi niliweka uma chini.

Mama alipofariki nilikuwa darasa la pili, na baba alishatangulia zamani. Nisikufiche, msomaji wangu, sikulia. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila yangu ilienea mwili mzima. Baada ya arobaini nilichukuliwa na mdogo wake mama, Mama Mdogo Zuhura, aliyepanga chumba Msasani, nyuma ya majumba ya matajiri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Mdogo hakuwa na shamba, kwa hiyo nilipewa ndoo.

Maji yakipwa tulishuka miambani kuokota kome. Walijishikiza kwenye jiwe kwa nyuzi nyembamba, nami nilivuta mpaka kucha zikauma.

"Usimvute hivyo, mzungushe," alinielekeza. "Huyu anatoa ute mguuni, ukikutana na maji unakuwa uzi. Anajifunga mwenyewe ili wimbi lisimchukue."

"Nani kamfundisha?"

"Na wewe kupumua kakufundisha nani?"

Nyumbani tuliwalaza kwenye ndoo ya maji ya bahari, wateme mchanga. Asubuhi nilishika mmoja, wakaja watano. Walikuwa wamefungana wao kwa wao, wengine wamejifunga kwenye plastiki ya ndoo. Mwamba wao ulibaki pwani na sufuria ilishainjikwa, lakini walijifunga hivyo hivyo. Niliwatazama bila kuhisi chochote, nikawabandua.

Jumamosi moja alikuja Baba Mkubwa, kaka yake baba, kutoka Segerea. Alikuwa mtu mwema, na aliniletea begi jipya la shule.

"Mtoto ni wa kwa baba yake, Zuhura," alisema. "Nimekuja kumchukua."

Mama Mdogo hakuwa na sauti mbele ya wakubwa. "Basi aulizwe mwenyewe, shemeji," ndilo pekee alilosema.

"Haya mwanangu, unataka kukaa wapi?"

"Popote," nilijibu. Ndiyo ilikuwa kweli yangu. Mama Mdogo aliinama, akaanza kukunja nguo zangu.

Alitusindikiza mpaka mlangoni. Baba Mkubwa alinishika mkono, tukapiga hatua, kisha akageuka kuona kinachotuzuia. Mkono wangu wa pili ulikuwa umekamata pindo la khanga ya Mama Mdogo. Wallahi sikujua niliikamata saa ngapi. Mama Mdogo alijaribu kunifungua vidole huku akilia; akifungua kimoja, kingine kinarudi. Mimi niliangalia tu, kana kwamba mkono ule ni wa mtoto wa jirani.

Baba Mkubwa ndiye aliyeachia.

"Mwache," alisema. "Kashajibu."

Begi aliliacha.

Miaka mingi niliamini kwamba siku zile sikuwa na hisia kwa mtu yeyote. Siku hizi najua kwamba uzi wa kome hufumwa chini ya maji, kimya, hakuna anayeuona. Sikumbuki nilianza lini kumpenda Mama Mdogo. Nakumbuka tu kwamba walipokuja kunibandua, sikubanduka.