Sinia la Maporomoko

Dativa wa Märsta ameishi Uswidi zaidi ya miaka ishirini, na bado yeye na theluji hawajapatana. Akitoka asubuhi kwenda Upplands Väsby, anakopika katika shule moja, hutembea kama aliyebeba trei ya mayai. Aliwahi kuanguka chali mbele ya kituo cha basi kizima, akajifanya anatafuta glavu. Kwa hiyo Rita, binti yake wa pekee, aliposema likizo ya Februari atakwenda na mchumba wake kuteleza kwa skii milimani, huko kusiko na njia wala walinzi, Dativa alikataa kabla sentensi haijaisha.

"Theluji ikiporomoka ikawafukia je?"

"Mamma, Ronny kan det där," Rita akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Ronny anayajua hayo.

Jumapili Ronny akaja kujitetea mwenyewe. Alikuwa fundi umeme, mrefu, mpole, na tangu afundishwe shikamoo aliitoa kila alipoingia jikoni, hata kama alitoka dakika moja tu kunawa mikono. Akaomba sinia, sukari na unga wa ngano. Moyo wa Dativa ukalainika. Kumbe kijana anataka kupika maandazi! Haraka haraka akainjika karai la mafuta.

Lakini Ronny hakuomba maji. Alitandika taulo kwenye sinia, akamwaga sukari, akaifunika kwa unga na kuushindilia kwa kiganja.

"Unga ni theluji iliyoshikana," akaeleza. "Sukari ni tabaka dhaifu lililo chini yake. Halionekani, na ndilo linaloua."

Neno hilo la mwisho hakulipima vizuri. Kisha akachomeka karafuu mbili juu ya unga. "Huyu mimi, huyu Rita." Akaanza kuinua sinia upande mmoja, taratibu.

Unga ukakatika. Ulishuka wote kwa mkupuo, ukavuka meza, ukamwagikia gauni la kitenge ambalo Dativa alikuwa ametoka nalo kanisani.

"Rita!" Dativa akapiga yowe. Akapiga magoti akafukua unga kwa mikono miwili, na Rita mwenyewe amesimama mlangoni, anacheka mpaka anashika ukuta. Dativa akaibuka na karafuu moja.

"Huyu nani?"

Ronny akaikagua. "Mimi, Mama."

"Na mwanangu yuko wapi?"

Karafuu ya pili ilipatikana chini ya jiko. Ronny, unga mpaka kwenye nyusi, akaapa kwamba hali ikiwa kama ya sinia lile hawatatoka katika kibanda watakachofikia. Dativa akasema watu wazima hawafungwi kamba, waende, ila yeye amani hana.

Na kweli hakuwa nayo. Kila asubuhi juma lile la safari yao, kabla ya kugusa viazi, alisoma kwenye simu taarifa ya hatari ya maporomoko na kuwatangazia wenzake jikoni: "Leo kiwango cha tatu kati ya vitano! Upepo umelundika theluji!" Jumatano, kwenye maombi ya wanawake kule Alby, akawasihi wenzake waliombee tabaka dhaifu lipate nguvu.

"Ni maladi ya tumbo?" Mama Valéry wa Kongo akauliza kwa huruma, akidhani ni ugonjwa. Hata hivyo waliliombea.

Ijumaa taarifa ikapanda: kiwango cha nne. Dativa akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka viazi vya watoto vikageuka uji. Akaingia stoo, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akalia na kofia yake ya jikoni kichwani. Hakuwa amewahi kuogopa vile maishani mwake.

Hatimaye Rita akapiga, amefura kwa hasira hata Kiswahili kikamtoka kinywani.

"Mama, simu ilikuwa inachaji! Tangu juzi tumejifungia kibandani tunacheza karata. Jua linawaka, wenzetu wanatoka, na Ronny hataki hata kuvaa viatu vya skii! Kachimba shimo kwenye theluji hapa mlangoni, anasema chini kuna sukari. Nimemwita mwoga mbele za watu, anaitikia tu!"

Dativa akafuta machozi kwa aproni.

"Mpe mwanangu simu."

"Mama, ni mimi. Unaongea na mimi."

"Wewe nimekusikia. Mpe Ronny."