Waliokosa Mkutano wa Jana

Ule mwaka wa kura za maoni nilikuwa katibu wa tawi la chama hapa Gongoni. Kila aliyetaka chama kimsimamishe kugombea urais ilibidi azunguke mikoani na fomu, atafute wanachama wa kumdhamini. Sharti lilikuwa fupi: mwanachama anadhamini mtu mmoja tu. Ukidhamini wawili, jina lako linafutwa kotekote, na fomu ikipungukiwa majina, mwenye nayo hapigiwi kura.

Siku hiyo alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, kashuka basi la Kigoma peke yake, fomu ndani ya bahasha. Kwa mkoa wetu alibakiza majina kumi, na kesho yake fomu irudi Dodoma. Tukamkalisha uani kwangu, tukamwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga.

Watu wakajaa, kadi mkononi. Nilifurahi, mpaka nilipomwona mama mkwe keshachovya dole kwenye wino.

"Mama, subiri! Jana si ulimwekea dole yule baba aliyekuja na magari?"

"Nilimwekea."

"Sasa na huyu tena?"

"Huyu naye si mgeni? Kaja mpaka mlangoni, nimnyime dole?"

Nikawauliza wengine. Wote jana walikuwa kwenye mkutano wa yule baba, wote walishamsainia. Hakuna aliyetaka kudanganya. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, basi. Yule mwalimu akarudisha mchembe kwenye sahani.

Mimi nimesoma ukubwani, masomo ya jioni, kwa hiyo kitu chochote nakisoma mara mbili. Nikaisoma fomu tena, nikajiuliza: jana nani hakuwepo? Mimi sikuwepo. Nilikuwa jumuiya ya kanisani, tunamsalia rozari mgonjwa, na wenzangu wengi pale wana kadi za chama.

"Mwalimu, wewe kula," nikamwambia. "Nakuja sasa hivi."

Nikapita nyumba kwa nyumba. Mmoja nilimkuta anapepeta mchele, nikamweleza.

"Kwa hiyo tunamdhamini kwa sababu tulisali?" akaniuliza.

"Kwa sababu hujasaini popote. Njoo umsikilize kwanza, usipomtaka urudi kwenye mchele wako."

Akacheka, akaingia ndani kufuata kadi.

Walikuja tisa. Mwalimu akaongea nao kidogo, wakamkubali. Wa kumi mimi. Namba za kadi niliziandika polepole, moja moja, huku namshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mama mkwe alikaa pembeni na dole lake jeusi. "Na mimi nimpe nini sasa?" Hakungoja jibu. Akaifunga michembe yote iliyobaki kwenye kitambaa, akampa ya njiani.

Mwishowe chama kilimchagua mtu mwingine. Lakini mwalimu alinipigia simu: jina lake lilifika mbele ya wapiga kura, na kwenye ukurasa wetu hakikufutwa kitu. Halafu akaulizia michembe.

Nilipomwambia mama mkwe, akanyoosha kidole juu ya paa. "Mwambie mingine ipo juani inakauka. Hiyo haina sharti."