Jani Ambalo Sikulitafuna

Mwanangu, naikumbuka Ijumaa moja ya Dubai ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa mezani, chakula hukataa kupita. Usidhani nilikuwa msichana. Ilikuwa mwaka 2013, nami nilikuwa na miaka arobaini na moja, mtu mzima na akili zangu, au ndivyo nilivyojiona.

Nilifanya kazi mtaa wa Satwa, kwa Bi Mkubwa, mama mzee aliyezaliwa Unguja na kuhamia huko angali binti. Mtoto wake, madam wangu, aliniajiri kwa sababu mama alitaka mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Juu ya paa Bi Mkubwa alipanda mrehani kwenye madebe. Baridi ikiingia ulichanua, ukajaa vidudu vidogo vyenye mistari ya manjano, vikielea hewani mbele ya maua. Yeye alivifurahia. Mimi niliona nyuki. Nyuki waliwahi kunivimbisha uso nilipokuwa mdogo, hata mama yangu mzazi akanipita asinijue, kwa hiyo sikumuuliza mtu. Asubuhi ile nilichukua dawa ya mende jikoni, nikaupulizia mrehani wote. Vidudu vikaanguka. Nikavifagia, nikashuka kupika nikiwa nimeridhika kabisa.

Majani yake ya kula na chakula niliyachuma mimi siku zote, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Ningesema siku hiyo hayafai. Basi nimeshatenga wali na samaki, namwona Bi Mkubwa anashuka ngazi, fungu la mrehani mkononi, anatafuna.

Nilipigwa na butwaa, mwanangu. Nilifikiria kufukuzwa, nikafikiria wanangu wawili shuleni Nyeri, nikafikiria ndege ya kunirudisha. Akatia mdomoni jani la pili. Nikanyamaza. Akatia la tatu, na mimi niliyekuwa sikosi kanisani nikiwa na nafasi, nikanyamaza. Kisha akanichagulia moja, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Shika, Nyambura, nawe utafune. Leo yana harufu nyingine."

Nikarudisha mkono nyuma. Hapo ndipo nilipojiona, na niliyemwona alinitisha. La kwangu nililikataa upesi sana.

"Mbona warudi nyuma?" akauliza. "Kuna nini?"

"Tema, Bi Mkubwa. Nimeyapulizia dawa ya wadudu."

Madam alitoka chumbani mbio. "Yalla, twende, gari," akasema, akachukua funguo. Bi Mkubwa alitapika njia nzima hadi hospitali, nami nilimshikia mfuko wa plastiki. Walimlaza mpaka kesho yake. Nilirudi nyumbani nikakunja nguo zangu sandukuni, maana nilijua yamekwisha.

Aliporudi aliniita kando ya kitanda. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Wale si nyuki, ni inzi wa maua. Hawana hata mwiba. Hukuwajua, na kwa hilo sikulaumu. Lakini jani ulilijua, Nyambura."

Hakunifukuza. Wakati mwingine naona ingekuwa afadhali. Nilimhudumia miaka minne zaidi, tukacheka, tukasimuliana mengi, na kila mlo alisubiri nile mimi kwanza ndipo naye aguse sahani. Hakuwahi kunieleza kwa nini, wala sikuthubutu kuuliza.

Basi wewe unayekwenda kuishi nyumba za watu, nisikilize. Usichokijua, uliza kabla hujakigusa. Na ukishakosea, sema mara moja, kabla mwenzio hajapeleka mkono mdomoni, hata kama neno hilo ndilo litakalokurudisha kwetu. Nitakupokea. Mungu akutangulie, mwanangu, akupe moyo wa kusema unapoogopa, na wote utakaowapikia wapate kula bila kukutazama usoni kwanza.