Halua Kwenye Kifundo cha Usukani

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana wengine wakiusimulia huuongezea chumvi: mwaka niliokuwa darasa la tano niliiba bakuli la halua ya harusi ya dada yangu, nikaishindilia yote kwenye usukani wa gari ya ami yangu. Hadi leo nikinusa hiliki na zafarani, pua yangu huongeza yenyewe harufu ya petroli na mafuta machafu. Wenzangu skuli hukumbuka utoto wao kwa asumini. Mimi nnaukumbuka kwa grisi yenye sukari.

Ulikuwa msimu wa karafuu, baba yuko Pemba, na mambo ya harusi ya Da Salma yakawa mikononi mwa mdogo wake baba, Ami Haji. Ami alikuwa amenunua gari kuukuu ya jeshi, ya kuvuta magurudumu yote manne, na tangu siku hiyo hakutembea tena kwa miguu hata kwenda msikitini, ingawa msikiti ulikuwa karibu kuliko pahala alipoiegesha. Vichochoro vyetu vya Malindi, hapa mjini Unguja, havipitishi hata punda wawili wakipishana, kwa hivyo gari ililala uwanjani, nasi watoto tukailinda kwa kuikalia. Ami aliahidi kwamba bibi harusi atapelekwa kwa mumewe Mkokotoni ndani ya gari hiyo, na mimi nitakaa mbele. Niliwatangazia watoto wa mtaa mzima, hata wale tusiosemezana.

Shida ilikuwa usukani. Tulipokwenda Bububu kuchukua nazi, Ami aliukoroga kama uji, kushoto na kulia, na gari ikaenda inakotaka, ikisalimia kila mtaro. Fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo akamweleza namna ya kuipima: zima injini, nyoosha magurudumu, mtu mmoja auchezeshe usukani taratibu huku na huku, mwengine alale chini atazame vyuma vinavyokwenda kwenye magurudumu. Chuma kimoja kikitikisika na mwenzake akabaki amelala, basi kifundo kilicho baina yao kimekwisha. Ami akanikalisha mimi kwenye usukani. Niliuzungusha upana wa kiganja kizima kabla magurudumu hayajapata habari. Naye, kwa kuwa alivaa kanzu mpya, aliinama kwa muda wa kukohoa mara moja, akainuka akasema, "Hii ndiyo tabia ya gari za vita. Zimezoea kukwepa risasi."

Mama aliyasikia hayo kwangu, kwani mdomo wangu nao ulikuwa umelegea. "Shemeji," alimwambia Ami huku akimmiminia chai, "mwanangu hapandi kitu chenye tabia. Kesho asubuhi nnakuja kuitazama mwenyewe. Ikicheza, tutakwenda na gari ya shamba." Gari ya shamba ilikuwa basi la mbao, linalobeba kuku, mihogo na watu, na humo watoto hukaa chini, pamoja na kuku. Niliona kiti changu cha mbele kinaniaga.

Jioni hiyo, wanawake wakiwa ndani wanamtia hina Da Salma, nilichukua bakuli la halua nikatoka. Hoja yangu ilikuwa nzuri: kilicholegea kinataka kitu cha kunata, na Unguja nzima hakuna kinachonata kuliko halua. Bibi yangu aliachia jino humo. Nilitambaa chini ya gari nikakuta vifundo viwili karibu na magurudumu ya mbele, kila kimoja kifuniko chake cha mpira kimechanika, nikavilisha kwa kidole gumba mpaka vikashiba. Nikaujaribu usukani. Ulikuwa mzito kidogo, au mimi nilitaka uwe mzito. Nikalamba vidole, nikaenda zangu.

Asubuhi mama akatokea uwanjani na buibui lake, na wanywa kahawa wa barazani wakaacha vikombe hewani. Alipanda moja kwa moja kwenye kiti cha dereva.

"Haya shemeji, lala chini."

"Shemeji, kanzu yangu."

"Kanzu itafuliwa. Mwanangu akivunjika hafuliki."

"Bibi harusi nani leo, mama au binti?" aliuliza mmoja wa barazani.

"Kunywa kahawa yako, inapoa," alijibu mama bila kugeuka, akaanza kuuchezesha usukani polepole, kama anavyolichezesha gurudumu la cherehani yake akitafuta palipolegea.

Ami akaingia chini ya gari, kanzu na yote. Kisha Ami akasema, "Shemeji, hapa pana sisimizi."

"Nimekuuliza vyuma."

"Ndiko waliko. Wamejipanga mpaka kwenye kifundo cha kushoto. Na kila ukiuchezesha usukani, kinatema kitu." Tukamsikia ananusa. Kisha, Mungu amsamehe, akaonja. "Halua," alisema. "Tena nzuri."

Kifundo cha kulia kilikuwa kimekaza, na halua yake imetulia ndani kama nilivyoiweka. Cha kushoto kiliisukuma nje kila usukani ulipogeuka, na ilipotoka Ami akatia kidole, akakuta chuma kimelika mpaka kinataka kuchopoka. Sauti yake ikashuka. Alisema kingechopoka njiani, kwenye kona za Mahonda, sote tungeishia kwenye minazi, na bibi harusi wetu. Hapo hakuna aliyecheka. Kisha wote wakanigeukia. Sijui walijuaje, labda kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa nishaanza kuondoka.

Sasa niko sekondari, nimeota masharubu ambayo nnayaona mimi tu. Da Salma ana mtoto anayeng'ata watu. Kila Ijumaa Ami huniita, "Seif," nami, "Naam," na hulala chini bila kuuliza habari ya kanzu, nami huuchezesha usukani taratibu kama mtu mzima. Skuli wananifundisha kwa nini vyuma hulika vikisuguana, kwa michoro na hesabu, nami hupata alama nzuri, lakini kusema kweli raha yake si ile ya Ijumaa. Siku ile Ami alitoka chini ya gari, akavua kobazi mguuni, akanishika shingo. Mama alishuka, akampokonya kobazi, akasema: "Shemeji, kamwite fundi. Huyu asipigwe leo. Mkono nnautaka mzima, halua nyengine ataikoroga yeye."