Ngazi Iliyofunikwa kwa Puti

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa kuwa kanisani alikuwa shemasi, jina hilo lilimfuata mpaka karakana. Hata wasiosali walimwita Shemasi. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila sauti yake ilikuwa nzito, na kila Ijumaa alasiri alifunga kazi mapema akaenda kuongoza maombi. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku akichelewa, Mungu atadhani amehama mtaa.

Jumanne moja aliitwa kwenye kiwanda kidogo cha kushona sare, arekebishe bawaba za mlango wa stoo. Stoo ilikuwa chini. Washonaji, wanawake arobaini na wawili, walikuwa ghorofani, na njia yao ya kupanda na kushuka ilikuwa moja tu: ngazi ya chuma iliyoshikizwa ukutani kwa nje. Ngazi hiyo aliijenga yeye, miaka minne iliyopita.

Akiwa anahangaika na bawaba, aliinua macho akaona mstari wa kutu chini ya kibaraza cha juu, pale ngazi inapofika kwenye mlango wa washonaji. Akapanda, akainama, akakwangua kwa msumari. Rangi ikabanduka. Chini ya rangi puti, ule udongo laini wa kuzibia nyufa, ikamwagika kama unga. Chini ya puti, chuma kilikuwa kimeachana na chuma. Kilichobaki kushika ni tone moja la kuchomelea, dogo kama punje ya haragwe, nalo lilikuwa na ufa.

Hakuhitaji kuuliza ni nani aliyefanya hivyo. Kibaraza kilibebwa na mikono miwili ya chuma. Wa kwanza aliuchomelea pande zote. Wa pili aliushikiza kwa matone mawili tu, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na saa ya maombi ilikuwa imewadia. Akapaka puti, akapaka rangi, ili bosi wa kiwanda asimzuie kuondoka. Kesho nitarudi, alijiambia. Kesho ikawa wiki, wiki ikazaa kazi nyingine.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Saa saba kamili kengele ya chakula hulia, na wote hushuka kwa mpigo.

Moyo ukamwambia: imeshika miaka minne, itashindwa siku nne? Njoo Jumamosi jioni, chomelea kimyakimya, nani atajua? Alishuka akarudi kwenye bawaba zake, hata bisibisi akaishika. Kisha akasikia juu vyerehani vikiunguruma na mtu akiangua kicheko. Akaitupa bisibisi, akaenda ofisini.

"Bosi, zima kengele. Ile ngazi isikanyagwe."

Bosi, mtu mfupi wa kutembea mbiombio, alitoka na kalamu sikioni. "Kutu kidogo tu ile! Paka rangi. Saa nane mteja anakuja kuchukua mzigo, usinitie kiwewe."

"Si kutu, bosi. Ni mimi. Sikuichomelea vizuri. Niliifunika kwa puti nikaenda zangu."

"Ukaenda wapi?"

"Maombini."

Hapo hapo kengele ikalia.

Mlango wa juu ukafunguka. Wawili wakakanyaga kibaraza, chuma kikatoa mlio mwembamba.

"Rudini ndani!" Shemasi alinguruma.

Wale wawili wakarudi kwa kishindo, wakagongana na waliokuwa nyuma yao. Ndani mtu akapayuka, "Moto!" Viti vikaanguka, watu wakasukumana, na katika purukushani hiyo pasi ikaangukia rundo la mabaki ya vitambaa. Uongo ukawa kweli. Moshi ukaanza kutoka madirishani, na madirisha yote yalikuwa na nondo.

"Msitoke pamoja!" Shemasi alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyejenga ngazi hii, na nimeijenga vibaya! Itawaangusha!"

Aliyewaokoa hapo alikuwa mshonaji mkongwe ambaye wote walimwita Shangazi. Alikuwa na mwili, na mwili huo akaupachika katikati ya mlango, hakuna aliyepenya. "Hakuna kusukumana! Na wewe fundi, tushukeje, kwa mbawa?"

"Mmoja mmoja, Shangazi! Nipe dakika mbili!"

Mlinzi wa geti akakokota mirunda miwili, miti ya ujenzi, na bosi akaja na jeki ya gari lake. Shemasi akasimamisha mirunda juu ya jeki, chini ya kibaraza, akaibana kwa kabari za mbao. Kila mguu uliopita juu ulizilegeza kabari, kwa hiyo ilibidi mtu abaki pale chini azigonge.

"Toka hapo, mzee, itakuponda!" mlinzi akasema.

"Nani atagonga?"

Mlinzi alichukua mpira wa maji akaanza kumwagia madirisha.

Wakashuka mmoja mmoja, viatu mkononi, wengine wakilia, wengine wakikohoa. Shemasi aligonga baada ya kila mmoja. Baadaye mkewe alimuuliza aliomba nini pale chini. Akasema hakumbuki, alikuwa akisikiliza chuma.

Wa mwisho alikuwa Shangazi. Alipokanyaga kibaraza, lile tone likakatika, pa! Kibaraza kikashuka upana wa kiganja na kukaa juu ya mirunda. Mirunda ikapinda, ikalia, ikashika. Shangazi akashuka kwa makalio, ngazi kwa ngazi, mpaka chini.

Alikaa mchangani akihema. Kisha akamtazama Shemasi.

"Ulitujengea ngazi au mtego?"

"Mtego, Shangazi. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Ila si leo. Leo magoti bado yanagongana."

Moto ulizimwa, ukiwa umekula meza mbili na majora ya vitambaa. Bosi alileta fundi mwingine wa kujenga ngazi mpya, na Shemasi alimbebea vyuma bila malipo, mbele ya washonaji waliokuwa wakimtazama.

Ijumaa hakuongoza maombi. Mchungaji, kwa upole, alimwambia Mungu ameshamsamehe, arudi mahali pake.

"Na Mungu nimeshaongea, mchungaji. Bado sijaongea na wenye nyumba."

Alikuwa ameandika kwenye kipande cha boksi kazi zote alizozimaliza siku za Ijumaa mwaka ule alioijenga ngazi. Akachukua nyundo na brashi ya waya, akaanza kubisha milango ambako hakuna aliyemwita. Mwenye nyumba wa kwanza alimcheka. Wa pili alimtukana mbele ya watoto wake akamfukuza, kesho yake akampigia simu aje upesi. Kwenye nyumba ya tano, ghorofa ya pili, palikuwa na roshani ambapo bibi kizee wa nyumba hiyo huegemea reli akiota jua. Shemasi alipiga magoti pembeni yake, akakwangua rangi mahali reli inapoingia ukutani. Puti ikamwagikia mkononi.

Mama mwenye nyumba alimuuliza kama anaumwa.

"Hapana, mama," akasema. "Mwingize bibi ndani kwanza. Kisha nina jambo la kukuambia."